Wafanyakazi wa mtandaoni nao wanahitaji kijiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa kwetu kusini husemwa kwa nadra, na likisemwa hupewa jina la uvivu au la mawazo mengi, nalo ni upweke wa watu wanaofanya kazi peke yao. Sizungumzii mzee aliyeachwa na watoto wala mjane asiye na wa kumtazama, ingawa nao wana haki ya kusemewa. Nazungumzia mtu mwenye nguvu zake, mwenye kazi na kipato, anayeishi katikati ya mji, ambaye kutwa nzima hana hata mtu mmoja anayejua anafanya nini.

Mimi ni mtafsiri. Nilirudi Mtwara mwaka 2019 kumuuguza mama, baada ya kuajiriwa Dar es Salaam kwa miaka tisa, na tangu hapo kazi yangu yote huja na kuondoka kwa intaneti: mteja anatuma maandishi, natafsiri, narudisha, malipo yanaingia benki. Nilikuwa nafanyia kazi chumbani, Shangani, meza nikiwa nimeielekeza ukutani kwa sababu upande wa dirisha jua la asubuhi lilikuwa linapiga kioo cha kompyuta. Kwa macho ya nje ni maisha ya kutamaniwa, nami siyakufuru, maana sikuwa nagombania daladala alfajiri, sikuwa na mkuu wa kunifokea, na mama nilimuuguza kwa mikono yangu hadi alipotangulia mbele ya haki.

Mwezi wa tatu baada ya msiba, kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni alibisha hodi asubuhi moja. Nilifungua mdomo kumkaribisha na sauti haikutoka. Ilipokuja ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeshikwa na mafua, hata kijana akaniuliza, “Dada, unaumwa?” Nikamjibu kwamba siumwi. Alipoondoka nilikaa kitandani nikahesabu. Ilikuwa Alhamisi, na mara ya mwisho kuzungumza na mtu uso kwa uso ilikuwa Jumatatu jioni dukani, nilipoomba kipande cha sabuni na kusema ahsante. Katika siku hizo tatu nilikuwa nimetafsiri maneno zaidi ya elfu saba, na kwa barua pepe nilikuwa nimeandikiana na watu wa nchi nne. Kazi ilikuwa imekwenda vizuri kabisa, ila mimi mwenyewe nilikuwa nimekaukiwa sauti.

Nilipomweleza shangazi yangu jambo hili alishangaa kwa dhati. Upweke, aliniambia, ni ugonjwa wa Wazungu, watu ambao jirani akifa hugundulika kwa harufu. Sisi tuna ndugu, tuna misiba, tuna harusi na unyago, upweke utapita wapi? Simlaumu, kwa sababu nami niliwahi kuamini hivyo. Lakini Shirika la Afya Duniani, kupitia tume yake ya mahusiano ya kijamii iliyoongozwa na Vivek Murthy wa Marekani pamoja na Chido Mpemba wa Umoja wa Afrika, lilitoa ripoti mwezi Juni 2025 inayoonyesha kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Kilichonishtua zaidi ni mgawanyo wake. Katika nchi zenye kipato cha chini, watu wapatao asilimia 24 walisema wana upweke, wakati katika nchi tajiri ni asilimia 11 hivi. Na vijana wamo zaidi kuliko wazee. Kwa hiyo zile nchi tulizozoea kuzihurumia, ndizo ambazo kwa kipimo hiki zina nafuu kuliko sisi, na baadhi yao zimekwisha kulifanya jambo hili kuwa la serikali: Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafanya hivyo mwaka 2021.

Naomba nieleze inawezekanaje mtu awe mpweke ndani ya nyumba yenye watu kumi, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokwama. Mwenzangu mmoja, kijana anayechora nembo na mabango kwa kompyuta, anaishi Chuno kwa baba yake mdogo, na nyumba hiyo haijawahi kuwa kimya tangu aijue. Tatizo lake ni kwamba machoni pa nyumba nzima yeye hana kazi. Anayetoka asubuhi kwenda bandarini ana kazi. Anayekwenda sokoni ana kazi. Yeye aliyekaa na kompyuta mpakato sebuleni yupo tu, na kwa sababu yupo, atatumwa gesi, atalea mtoto, atampeleka bibi zahanati. Akimaliza kazi ngumu iliyomkesha usiku mbili hana wa kumwonyesha. Akikosea hana wa kumwuliza. Akiwaambia nyumbani kwamba mteja amerudisha mchoro kwa mara ya nne, wanamwambia ampe tu anachotaka. Wanampenda, na wangeuza mbuzi wao wa mwisho akilazwa, lakini katika yale anayohangaika nayo saa nane za kila siku yupo peke yake. Mkulima wa korosho ana jirani wa shamba ambaye akiona unga mweupe kwenye maua na majani machanga anajua ni ugonjwa wa ubwiriunga. Mvuvi ana wenzake wanaoujua upepo. Sisi wa kazi za mtandaoni ndugu tunao, ila wa shamba la jirani hatunaye.

Na tunaongezeka. Kazi ambazo zamani zilifanyiwa kwenye kaunta na madaftari zinahamia kwenye kioo hata huku Mtwara. Minada yenyewe ya korosho, tangu msimu wa 2024/2025, inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na kila mfumo wa namna hiyo una watu nyuma yake wanaojaza, wanaokagua na wanaoandika taarifa, wengine wakiwa majumbani kwao. Kijana anayehitimu chuo leo anahimizwa kila mahali ajiajiri kwa simu na kompyuta. Ushauri huo ni mzuri na mimi ni mmoja wa waliofaidika nao. Sijasikia bado mtu akimwambia kijana huyo atakaa na nani.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni ofisi za pamoja, yaani mahali ambapo watu wasio na mwajiri mmoja wanalipia meza kwa siku au kwa mwezi, wakitumia umeme, intaneti na choo kimoja. Nairobi walianzisha iHub mwaka 2010, na Dar es Salaam ipo Buni chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na nyingine kadhaa za watu binafsi. Nimewahi kusikia vijana wa hapa wakiota siku Mtwara itakapopata jengo la namna hiyo, lenye vioo na viyoyozi. Naunga mkono nia yao. Ila kabla hatujalilia jengo, naomba nieleze yaliyonipata mwaka 2022, nilipokwenda Dar es Salaam kwa kazi ya miezi minne na nikalipia meza katika ofisi ya namna hiyo, ambayo sitaitaja jina.

Ilikuwa sehemu nzuri. Kiti kilikuwa cha kuzunguka, intaneti haikukatika, kulikuwa na mashine ya kahawa iliyosaga punje mbele ya macho yako. Kila mtu alivaa vipokea sauti masikioni, na vipokea sauti, kwa wasiojua, ni namna ya kusema usinisemeshe. Watu walibadilika kila wiki. Mezani pembeni yangu alikaa dada mmoja kwa mwezi na nusu, tukisalimiana kwa kuinua nyusi, na hadi leo sijui jina lake wala yeye langu. Mwezi wa tatu niliugua malaria, nikalala siku tano katika chumba nilichopanga Sinza. Siku ya tano simu ikatoa mlio wa ujumbe kutoka ofisini. Niliushika haraka, nikidhani kuna mtu kaniulizia. Ulikuwa ujumbe wa mashine wa kunikumbusha kwamba malipo ya mwezi ujao yanatakiwa kabla ya tarehe 28. Nilirudi nikiwa nimepungua na macho ya njano, nikaketi kwenye kiti changu, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa sipo. Siwalaumu hao waliokaa pale, kwa sababu hata mimi sikujua nani hakuwapo wiki hiyo.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ofisi za aina hii ni Brad Neuberg, mtaalamu wa programu za kompyuta wa San Francisco, Marekani, ambaye mwezi Agosti 2005 alikodi nafasi ya siku mbili kwa wiki, kwa dola 300 kwa mwezi, akapanga meza chache. Alikuwa ameonja ajira na ameonja kujitegemea, akatamani apate uhuru wa upande mmoja na wenzake wa upande wa pili. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Ninachokithamini katika habari zake ni vitu viwili ambavyo wengi walioiga baadaye waliviacha njiani. Pale watu walikula chakula cha mchana pamoja, na mlango ulifungwa saa 11:45 jioni kwa kila mtu. Hivyo vyote viwili si vifaa. Ni saa, na saa ya pamoja ndiyo inayomfanya mtu aonekane anapokuwapo na akosekane anapokosekana.

Tazama sasa kampuni ya WeWork, iliyoanzishwa New York mwaka 2010, ambayo iliahidi watu jumuiya na ikasambaa katika miji mikubwa ya dunia. Mwanzoni mwa 2019 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Ilikuwa inapanga majengo kwa mikataba ya miaka mingi na kuwapangisha watu kwa miezi michache, na watu walipoacha kuja, kodi ya pango iliendelea kudaiwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu nisingependa halmashauri yetu au mfadhili yeyote aje hapa na mfano huo mkononi, atujengee jumba la vioo karibu na bahari, likatwe utepe, na miaka miwili baadaye liwe ukumbi wa sherehe.

Wala hatuna haja ya kwenda San Francisco kujifunza. Aliyewahi kufika Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vibanda vya wachongaji wa vinyago, ambao wengi asili yao ni uwanda wa juu wa Makonde, wa upande wetu na wa ng'ambo ya Ruvuma, ameiona ofisi ya pamoja iliyotangulia miaka mingi kabla ya hiyo. Kila mchongaji ana gogo lake la mpingo, tezo lake, patasi zake na bei yake. Hawana mwajiri mmoja. Lakini wameketi chini ya paa moja, miguu imenyooshwa, vumbi jeusi la mpingo limewajaa magotini, na mkono wa mmoja ukisita mwenzake anainua kichwa. Nimewahi kusimama pale karibu saa nzima nikimtazama mzee mmoja akimwambia kijana aliye hatua tatu kutoka kwake, bila kuacha kuchonga, “Bega hilo limekuzidi, lipunguze kabla hujaingia shingoni.” Kijana aligeuza kinyago kwenye mwanga, akakitazama kwa muda, akapunguza bega. Mzee hakulipwa kwa neno lile. Kesho yake huenda kijana ndiye atakayemshikia gogo mzee akilipasua. Hata vile vinyago vya watu waliobebana, mmoja juu ya mabega ya mwingine, ambavyo wageni huvinunua na kuviita Ujamaa, vimetoka mikononi mwa watu waliokaa hivyo.

Fundi cherehani naye ana baraza. Bodaboda ana kijiwe, na katika kijiwe hicho asipofika saa mbili asubuhi wenzake wanapiga simu, akipata ajali wanachanga kabla polisi hawajafika. Ukiangalia vizuri utaona kwamba karibu kila kazi ya zamani ya mji huu ilikwisha kujitafutia mahali pa kukaa pamoja. Kazi hizi mpya ndizo zimetukuta vyumbani, mlango umefungwa, na hatujazijengea baraza.

Sisi wachache tuliipata yetu kwa ajali. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota karibu nchi nzima. Jumatatu nilikuwa na kazi ya kuwasilisha kabla ya saa nane mchana. Chumbani ukurasa haukufunguka. Mtu dukani akaniambia kwamba kwa wakala wa miamala aliye njia ya kwenda Ligula mtandao unakuja na kuondoka, nikaenda huko na kompyuta yangu ndani ya mkoba. Nilikuta watu watatu wamesimama chini ya mwembe, kila mmoja na mkoba wa umbo lile lile, kila mmoja ameinua simu kama anayetafuta mwandamo wa mwezi. Mmoja ni huyo kijana wa Chuno. Mwingine ni binti anayesikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Wa tatu ni baba wa makamo anayetunza hesabu za vyama vya msingi viwili na duka moja la Masasi. Binti huyo alikuwa anaishi mtaa wa tatu kutoka kwangu. Kwa miaka miwili tulikuwa tunanunua mkate kwenye duka moja, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake anafanya kazi ambayo nyumbani kwao hawaielewi.

Nilikosa muda wa kuwasilisha siku ile. Mteja alielewa. Lakini tulikaa chini ya mwembe ule mpaka saa tisa, tukanunua ming'oko ya kuchemsha kwa mama anayeipitisha na beseni, tukamenya na kula tukizungumza, na nakumbuka kwamba jioni koo lilikuwa linaniuma kwa kusema.

Wiki iliyofuata tuliomba chumba cha nyuma katika duka la vifaa vya shule na fotokopi. Mwenyewe alikuwa anakitumia kuhifadhi makasha. Alituuliza tutakuwa tunafanya nini humo, tukamweleza, akasema hajaelewa ila tusivute sigara. Tunamlipa shilingi 1,500 kwa kichwa kwa siku, umeme ukiwamo, na bando kila mtu anajinunulia. Tulianza wanne, sasa tupo tisa. Meza ni mbao mbili juu ya makasha yale yale. Feni ni moja na inapiga kelele, na sitasema kwamba hatugombani, maana tumegombana kwa feni, kwa mtu anayepiga simu kwa sauti, na kwa aliyeacha kikombe na masalia ya chai mpaka sisimizi wakaingia kwenye kibodi cha mwenzake.

Taratibu zetu ni chache na hazijaandikwa popote. Saa nne asubuhi kila mtu anaacha anachofanya, chai inaletwa, na vioo vinafunikwa kwa dakika ishirini. Saa kumi na mbili jioni mlango unafungwa, kwa sababu wengi wetu ni wanawake na njia ya kurudi ina giza, na pia kwa sababu kazi ya mtandaoni haina mwisho usipoiwekea. Na asiyekuja hutoa taarifa. Asipotoa, saa nne mmoja anampigia simu. Asipopokea, saa sita mmoja anakwenda kwake.

Utaratibu huu wa mwisho wengine waliuona ni wa kitoto, kana kwamba tunaitana majina darasani. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata kijana wetu wa Chuno hakuja siku mbili na simu haikuita. Mtunza hesabu alipanda bodaboda akaenda. Nyumbani walimwambia kijana yupo, amelala, anajisikia vibaya kidogo. Alimkuta ameketi sakafuni gizani, kompyuta imefungwa mbele yake. Mteja wa nje alikuwa amechukua kazi ya wiki tatu, akafunga mawasiliano na hakulipa chochote. Kwa ndugu zake hakusema, maana angeanzia wapi? Wangemwambia ndiyo maana tulikuambia utafute kazi. Mtunza hesabu hakuwa na fedha za kumpa. Alikaa naye sakafuni, akamweleza jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kudhulumiwa na mfanyabiashara mmoja wa korosho, na jinsi siku hizi anavyodai theluthi ya malipo kabla ya kuanza kazi. Wakaandika pamoja, pale pale, maneno ya mkataba mfupi. Kesho yake kijana alikuja. Mkataba ule sasa tunautumia wote, mimi nikiwa nimeutafsiri kwa Kiingereza, na tangu hapo hakuna kati yetu aliyeanza kazi ya mteja mpya bila malipo ya awali.

Ndugu Mhariri, nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Meza zikipangwa pamoja, watu wanaweza kukaa bega kwa bega mwaka mzima wakawa wapweke, kama nilivyokuwa mimi kwenye kiti cha kuzunguka. Kinachouondoa upweke wa mfanyakazi ni kuwa na watu wanaoijua kazi yake, wenye saa ya kukutana naye, ambao asipofika wataona pengo. Hayo yanawezekana juu ya makasha, na yanaweza kukosekana ndani ya jumba la mamilioni. Kwa hiyo anayetaka kutusaidia, na nina imani wapo, aanze na watu.

Manispaa ya Mtwara Mikindani, kama halmashauri nyingine zote nchini, hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hupewa wakiwa kwenye vikundi. Utaratibu huo una sababu yake, lakini tazama unavyomwacha nje mtu anayefanya kazi peke yake chumbani: hana kikundi kwa sababu hana mahali pa kukutana na wenzake, na hana mahali kwa sababu hana kikundi cha kuombea mkopo. Sisi wenyewe tulipokwenda kuuliza, mwaka mmoja baada ya mwembe ule, tuliulizwa swali ambalo lilikuwa halali kabisa, mradi wenu wa pamoja ni upi? Hatuna mradi wa pamoja. Kila mmoja ana wake. Cha pamoja ni chumba, na nashauri kwamba chumba cha kazi, chenye wanachama wanaojulikana na kuhudhuria, kikubaliwe kuwa mradi unaotosha.

Majengo yapo. Wakati wa matumaini makubwa ya gesi, miaka ile ya 2012 na 2013, mji huu ulijenga kwa kasi, na vyumba vya ofisi ambavyo mpaka leo havijapata wapangaji naviona kila ninapopita. Halmashauri na taasisi za umma nazo zina vyumba vinavyokaa vimefungwa baada ya saa tisa na nusu. Hatuhitaji marumaru. Tunahitaji umeme wa uhakika, au betri ya kutuvusha ukikatika, mlango wenye kufuli, choo safi, na laini moja ya intaneti ya kugawana.

Na tunahitaji mtu mmoja wa kulipwa. Hili nalisisitiza, maana ndilo linalosahaulika katika bajeti. Asiwe mlinzi wala fundi wa kompyuta, ingawa ujuzi huo hautamdhuru. Awe mtu wa makamo, mwenye kukumbuka majina, anayefungua mlango asubuhi na kuufunga jioni, anayejua nani mgeni na kumketisha karibu na nani, anayeona kwamba yule binti wa pembeni hajanywa chai siku ya tatu. Kwetu kazi hiyo inafanywa na mwenye duka mwenyewe, yule aliyesema hajaelewa. Siku hizi ananunua sukari kwa fedha yake, na kijana anapomaliza nembo humwita aje kuitazama kabla haijatumwa. Hutazama kwa makini, mikono nyuma, na husema kama rangi zimekubaliana.

Kwa wenzangu wa Lindi, Masasi, Newala na kwingine, ambao mnasoma barua hii mkiwa vyumbani, ulizeni. Kwa wakala wa miamala, kwenye duka la fotokopi, kwa anayeuza vocha za bando kubwa. Huyo anawajua wenzenu kabla ninyi hamjajuana.

Chumba chetu kimejaa. Wawili wameomba nafasi mwezi huu na hatukuwa na moyo wa kuwafukuza, kwa hiyo tumepanga zamu. Mmoja wao, anayefanya kazi na wateja wa Ulaya, hufika saa tano, hukaa barazani nje ya duka akiwa ameegemea ukuta, kompyuta mapajani na mtandio juu ya kioo kuzuia jua, akisubiri mtunza hesabu aondoke saa saba ampishe meza. Chai ikifika saa nne akiwa amewahi, tunampelekea kikombe pale pale.

Ni mimi msomaji wako,
Mtafsiri,
Shangani, Mtwara.